Moja ya Dobrawa

Ghorofa ya pili, mlango wa kijani, Göttingen.
Hapa nabadili alama za wageni
kama wengine wabadilivyo fedha mpakani,
ila mimi sitozi ada, na hakuna aondokaye
akiwa na uhakika kwamba hajapunjwa.

Naitwa Wiebke Harms. Nina kikokotoo,
chai ya mnanaa inayopoa kabla sijaionja,
na kanuni moja niliyoikariri kuliko sala:
toa alama ya mtu kwenye alama ya juu kabisa,
gawa kwa umbali ulio kati ya kilele na kizingiti,
zidisha kwa tatu, jumlisha moja.
Basi. Miaka mitatu ya mtu imekaa mstari mmoja.

Kwetu moja ndiyo bora, tano ndiyo kuanguka.
Kwao Dobrawa, Rzeszów, tano ni shangwe,
na moja ni ile alama ya shuleni
inayofika nyumbani imefichwa ndani ya soksi.
Kwa hiyo Januari, alipopata moja nukta sifuri
katika mtihani wa kemia ya udongo
na kumpigia babu yake simu akilia kwa furaha,
mzee Zdzisław alisikia moja, akasikia kilio,
akajumlisha.
"Rudi nyumbani," akasema. "Kabichi zipo, na jembe lipo."

Alinisimulia hayo mbele ya meza yangu,
theluji ikiyeyuka kwenye viatu vyake.
Nikacheka naye. Kisha nikaacha kucheka,
maana mkononi nilikuwa na faili la Maëlle.

Maëlle Kerbrat, wa Rennes. Kumi na nne kati ya ishirini.
Nilitoa, nikagawa, nikazidisha: mbili nukta nane.
Kwa macho ya hapa, mtu wa katikati,
wa kupita na kusahauliwa.
Lakini profesa wake alikuwa ameandika pembeni, kwa penseli:
darasani walikuwa sitini na mmoja,
waliomzidi ni wawili.
Kule, ishirini hapewi mtu. Imewekwa juu
kama sahani ya harusi kabatini, ya kutazamwa tu.

Kikokotoo hakilijui hilo. Chenyewe chadhani
kila ngazi duniani ina vidato vya urefu mmoja.

Haba na haba hujaza kibaba;
sawa, lakini kibaba cha nani?
Mtaliano hupimiwa kwa thelathini,
na akipewa ishirini na nne anaweza kumwambia profesa:
siitaki hii, nitarudi Juni.
(Ludovica alifanya hivyo. Juni akapata ishirini na mbili.)
Wadenmaki wana alama saba tu, zinarukaruka,
kumi na mbili, kumi, saba, nne,
na ya mwisho iko chini ya sifuri,
kana kwamba mtu aweza kuingia mtihani mikono mitupu
akatoka anadaiwa.

Sizilaumu mizani. Bila mizani
ningebaki na barua za sifa peke yake,
na mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake.
Ila nimejifunza, baada ya "umepata ngapi?",
kuuliza: mlikuwa wangapi,
na wangapi waliona kisogo chako?

Nikambania Maëlle karatasi ya pili:
wa tatu kati ya sitini na mmoja.
Daktari Stölting wa kamati akaitazama
kama mtu aliyeletewa chakula asichokiagiza.
"Kanuni ni kanuni, Bi Harms," akasema,
lakini hakuichomoa pini.
Hiyo ni wiki ya tatu sasa. Bado nangoja.

Dobrawa naye alimpigia babu yake tena.
Safari hii hakutaja namba.
"Babu, tulikuwa arobaini. Hakuna aliyenipita."
Kimya. Kisha mzee akapumua.
"Kumbe ni moja ya mbio," akasema.
"Si ungesema."